Uroho na unafiki kwa Chaucer: uanze na Muuza Rehema, Tarishi au Mtawa?

Ukiuliza uanzie wapi kuzisoma Hadithi za Canterbury kwa ajili ya uroho wa fedha na unafiki, karibu kila mtu atakutajia ya Muuza Rehema. Ndiyo inayofundishwa sana, ndiyo yenye dhahabu, sumu na maiti tatu chini ya mti. Siibezi. Ila zipo hadithi nne zinazoweza kushindania nafasi hiyo, nazo hazimfai msomaji mmoja. Niseme mapema ninakoegemea: mwenye muda wa hadithi moja tu ningempa ile ya tarishi na shetani.

Kwanza mazingira, kwa ufupi. Geoffrey Chaucer alianza kuzitunga karibu mwaka 1387, akafa mwaka 1400 kazi haijaisha; zilizobaki ni 24. Mahujaji wapatao thelathini wanakutana katika nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark, ng'ambo ya mto Thames ukitoka London. Safari yao ni ya Canterbury, kwenye kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket aliyeuawa mwaka 1170. Mwenye nyumba ya wageni, Harry Bailly, anawaambia wasimuliane hadithi njiani. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imefagia watu wengi mno Uingereza; vibarua waliosalia walidai malipo bora, na serikali ikawatungia sheria za kuwabana. Mwaka 1381 waasi waliingia London wakamkata kichwa askofu mkuu wa Canterbury, ambaye pia alikuwa chansela wa mfalme. Tangu 1378 Kanisa la magharibi lilikuwa na mapapa wawili waliolaaniana. Mafundisho ya zamani yaliigawa jamii katika mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaolima. Chaucer alivutiwa zaidi na waliopenya katikati ya mafungu hayo, watu wenye kibali mkononi na mhuri wa mkubwa fulani.

Alikuwa anawajua. Yeye mwenyewe, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, alikuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu katika bandari ya London kuanzia 1374, kwa sharti kwamba vitabu vya hesabu aviandike kwa mkono wake. Mtu wa namna hiyo anajua hela hutoroka kupitia karatasi gani. Ndiyo maana waroho wake hawatambulishwi kwa ubaya wa moyo tu. Kila mmoja ana kifaa chake cha kazi, na nakushauri uchague hadithi kwa kukitazama kifaa hicho.

Muuza Rehema na mkoba wake

Huyu ametoka Rouncivale, nyumba iliyokuwa na hospitali karibu na Charing Cross. Ana nywele za manjano zilizolala kama kitani, sauti ya mbuzi, na mkoba uliojaa hati za rehema, yaani karatasi za kanisa za kusamehewa adhabu ya dhambi, ambazo, Chaucer anasema, zimefika kutoka Roma zikiwa bado za moto. Ana foronya anayoiita shela ya Bikira Maria. Ana chupa yenye mifupa ya nguruwe. Ana mfupa wa bega la kondoo: uchovye kisimani, maji yake yataponya ng'ombe wako, na mume mwenye wivu akiyanywa kwenye mchuzi wake hatamshuku mkewe tena hata akijua ukweli.

Kabla ya kusimulia, anawafichulia wenzake biashara yote. Anahubiri aya moja daima, ile ya barua ya kwanza kwa Timotheo kwamba shina la mabaya yote ni kupenda fedha, na anasema wazi kwamba anaihubiri kwa sababu ya kupenda fedha. Mbinu yake bora hii hapa: anatangaza kanisani kwamba mwenye dhambi ya kutisha asiyothubutu kuiungama, au mwanamke aliyemsaliti mumewe, hana ruhusa ya kusogea kutoa sadaka mbele ya masalia yake, ile mifupa na nguo anazodai ni za watakatifu. Nani atabaki ameketi? Kwa ujanja huo anajigamba kupata marki mia kwa mwaka. Marki moja ilikuwa shilingi 13 na peni 4. Sheria ya 1388 iliweka shilingi 10 kuwa kikomo cha mshahara wa mwaka wa mwendesha mkokoteni. Piga hesabu utaona kwamba mkoba wa mifupa ulizidi jasho la mkokotaji la miaka 133.

Hadithi anayosimulia inatokea Flanders wakati wa tauni. Walevi watatu wanasikia kengele ya maiti, wanaambiwa kuna mwizi aitwaye Mauti, nao wanaapa kwenda kumuua. Wanamkuta mzee anayegongagonga ardhi kwa fimbo akimwomba mama yake ardhi amfungulie, kwa maana Mauti hamtaki. Mzee anawaelekeza kwenye mwaloni. Chini yake kuna rundo la sarafu za dhahabu, na Mauti wanamsahau papo hapo. Mdogo wao anatumwa mjini kuleta mkate na mvinyo. Huku nyuma wawili wanapanga kumchoma visu akirudi, naye huko mjini ananunua sumu kwa muuza dawa akisingizia panya. Yaliyobaki unayajua hata kama hujawahi kumsikia Chaucer. Kisa hiki kimo katika masimulizi ya kale ya Wabuddha wa India, na kimo katika visa vya Nabii Isa vinavyosimuliwa na Waislamu, yule mwenzake wa safari aliyekana kuula mkate wa tatu akaja kukiri alipoahidiwa fungu la dhahabu. Waliokaa darasani kwa maalimu huenda walikisikia utotoni.

Hapo ndipo penye nguvu ya hadithi na ndipo penye mgogoro wangu nayo. Walevi wale hawana cheo. Ni vijana tu, popote wangeweza kuwa. Uroho wao ni uroho mtupu wa binadamu, na kwa hiyo sehemu ya kisa yenyewe haikufundishi sana kuhusu nafasi za watu katika Uingereza ya karne ya 14. Hilo limo katika utangulizi, pale mhubiri anapojivua nguo, na limo katika mwisho wa ajabu. Akishamaliza, mtu huyu aliyekwisha kuwaambia kwamba masalia yake ni uongo anawageukia mahujaji walewale na kuwaambia waje wayabusu, bei nafuu, Harry Bailly awe wa kwanza. Harry anamjibu kwa tusi linalohusu korodani zake na kinyesi cha nguruwe, Muuza Rehema anakosa la kusema kwa hasira, na Shujaa wa vita, mwenye adabu kuliko wote katika safari ile, anawalazimisha wapatane kwa busu. Mabingwa wamebishana miaka na miaka: amesahau? Ni mzaha? Ni mazoea yaliyomshinda? Mimi naona ni mazoea. Ukishahubiri hivyo mara nyingi, mdomo humalizia wenyewe.

Tahadhari moja ya msomaji: katikati ya kisa pamewekwa mahubiri ya mistari karibu 180 dhidi ya ulevi, kamari na viapo. Wengi wanachoka hapo. Ukiyaruka mara ya kwanza hutapotea, ila mara ya pili yasome, kwa sababu anayelaani ulevi ni mtu aliyekataa kuanza kusimulia mpaka apate bia na kipande cha mkate.

Tarishi na hati ya wito

Angalia majina yasikuchanganye. Hadithi hii husimuliwa na Mtawa Ombaomba, lakini inamhusu tarishi wa mahakama ya kanisa, yule anayepeleka samansi. Inayofuata husimuliwa na Tarishi na inamhusu mtawa. Wawili hao hawapatani, na kila mmoja anamchapa mwenzake kwa hadithi.

Mahakama za shemasi mkuu zilishughulikia uzinzi, uchawi, wasia, zaka ambazo hazijalipwa. Tarishi ndiye aliyewaleta watu mbele yake. Basi fikiria nguvu ya mtu wa chini kabisa katika ofisi, asiye hakimu wala karani, lakini ambaye jina lako likiingia katika hati yake umekwisha. Tarishi wa hadithi hii anao makahaba wanaompasha nani kalala nao, kisha anaandika samansi ya uongo, anamwachia mwanamke, anamkamua mwanamume. Bwana wake anapata nusu tu ya haki yake.

Siku moja anaelekea kwa mjane mzee, Mabel, kumkamua bila kosa lolote. Msituni anakutana na mpanda farasi aliyevaa koti la kijani na kofia yenye nyuzi nyeusi pembeni. Mgeni anamuuliza kazi yake. Tarishi anaona aibu kusema yeye ni tarishi, kwa jinsi jina hilo linavyonuka, hivyo anajiita msimamizi wa makusanyo ya bwana mmoja. Mgeni anafurahi: na mimi ni msimamizi! Wanaapizana udugu. Wanazungumza kazi kama watu wa kazi wazungumzavyo, na mgeni analalamika kwamba mshahara wake mdogo, bwana wake mkali, kazi ngumu, kwa hiyo anaishi kwa kunyang'anya. Tarishi anasema na yeye ni hivyohivyo, asiponyang'anya hali.

Kisha mgeni anatabasamu na kusema yeye ni shetani, kwao ni jehanamu.

Ukitaka kuona Chaucer akiwa katika kilele chake, soma kinachofuata. Tarishi hashtuki. Anashangaa kidogo, halafu anaanza kumdadisi mwenzake mambo ya kazi: mnabadilisha maumbo vipi, mnatengeneza mwili mpya au mnatumia uliopo? Anauliza kama kijana anayetaka kuajiriwa huko. Na anathibitisha kwamba kiapo cha udugu kipo palepale, wagawane watakachopata.

Wanamkuta mkokotaji ambaye mkokoteni wake wa nyasi umekwama kwenye tope. Mtu anachapa farasi na kupiga kelele: shetani awachukue, farasi, mkokoteni, nyasi na vyote! Tarishi anamnong'oneza mwenzake, umesikia? Vichukue, umepewa. Shetani anasema hapana, huyo hakumaanisha. Mwulize mwenyewe kama huniamini. Na kweli, farasi wanapovuta na gurudumu kutoka, mkokotaji anawabariki kwa majina. Shetani hapati kitu pale. Anayepima maneno ya mtu kwa nia yake, anayetenda haki ya kisheria katika hadithi nzima, ndiye yeye. Mtu wa kanisa angechukua farasi.

Kwa mjane mambo yanafika mwisho. Tarishi anamwambia ameitwa mahakamani. Mama wa watu anasema mbavu zinamuuma, hawezi kwenda; je, anaweza kupata nakala ya mashtaka na kumtuma wakili amjibie? Ni ombi halali kabisa, na nadhani Chaucer aliliweka kwa makusudi ili tuone kwamba utaratibu wa haki ulikuwepo, ni mtu aliyekaa mlangoni tu. Tarishi anamwambia lipa peni kumi na mbili yaishe, na mimi humo sipati kitu cha maana, faida yote ni ya bwana wangu. Peni kumi na mbili ni shilingi moja, sehemu ya kumi ya mshahara wa mwaka wa mkokotaji yule. Hana. Basi nitachukua sufuria yako mpya, anasema, kwa deni la zamani nililokulipia ulipomsaliti mumeo. Mjane anapiga magoti na kumlaani: shetani amchukue, yeye na sufuria yangu. Shetani anauliza kwa upole kabisa, mama, unamaanisha? Namaanisha, anajibu, isipokuwa atubu. Tarishi anasema hana mpango wa kutubu.

Mistari 364 tu, na imekwisha. Jehanamu ameingia na sufuria ya watu.

Mtawa na ubao wa majina

Tarishi wa msafara, mwenye uso mwekundu wa vipele unaotisha watoto, anajibu kwa kisa kirefu zaidi, mistari 586, na kichafu zaidi. Mtawa John anatembeza ombaomba katika eneo la Holderness, Yorkshire. Mwenzake ana ubao wa pembe za ndovu wa kuandikia. Kila anayetoa nafaka, jibini au kipande cha nyama jina lake linaandikwa, eti ataombewa. Wakishatoka mlangoni majina yanafutwa. Hicho ndicho kifaa cha tatu, na kati ya vyote ndicho kinachoniudhi zaidi, maana hakuna wa kugundua.

Anaingia kwa Thomas, mgonjwa wa muda mrefu. Anamfukuza paka kwenye benchi, anakaa. Mke wa nyumba anakumbatiwa kwa nguvu kuliko inavyompasa mtawa. Akiulizwa atakula nini, anajibu kwa unyenyekevu: ini la jogoo aliyehasiwa, kijipande cha mkate laini, halafu kichwa cha nguruwe cha kuchoma, ila asingependa mnyama achinjwe kwa ajili yake. Mama anamwambia mtoto wake amefariki wiki mbili zisizotimia; papo hapo mtawa anadai alikwisha kumwona kwa njozi akichukuliwa peponi. Kisha anamhubiria Thomas asiwe na hasira, na amchangie dhahabu ya kujengea nyumba ya watawa, asiigawe kwa mashirika mengine kwani robo peni iliyokatwa vipande kumi na viwili ina thamani gani?

Thomas, aliyekwisha kughadhibika, anaahidi zawadi kwa sharti igawanywe sawasawa kwa watawa wote, na anamwambia apapase chini yake kitandani. Zawadi ni ushuzi. Sehemu ya mwisho, ambayo wengine huiona ya kitoto na mimi naiona ya kisomi kabisa, ni kikao kwa mwenye eneo, ambapo mtawa analalamika na watu wanaanza kujadili kwa makini jinsi ya kugawa harufu na sauti katika mafungu sawa. Kijana anayemkatia bwana nyama mezani, Jankin, anapata jawabu: leteni gurudumu la mkokoteni lenye spoki kumi na mbili, watawa kumi na wawili waweke pua mwisho wa kila spoki, na John akae kitovuni. Anatuzwa kitambaa cha joho jipya. Anayeijua sikukuu ya Pentekoste, Roho Mtakatifu alivyowashukia mitume kumi na wawili, ataelewa kwa nini baadhi ya wasomaji walisema Chaucer alivuka mpaka.

Na daftari la mfanyabiashara?

Ya Nahodha nitaipitia haraka. Mfanyabiashara wa Saint-Denis amejifungia asubuhi na madaftari yake. Bustanini mkewe anamlilia mtawa kwamba anadaiwa faranga mia za nguo. Mtawa anamkopa mume faranga hizo, akisema ni za kununulia mifugo, anampa mke, analipwa kwa kitanda mume akiwa safarini. Mume akimtembelea, mtawa anasema nilikwisha kumrudishia mkeo. Mke anasema nilizitumia kwa nguo, niandikie deni, nitakulipa chumbani. Hakuna anayeadhibiwa, hakuna anayekasirika kwa muda mrefu. Kwa msomaji anayechoshwa na mahubiri ni dawa. Lakini ukiianza hiyo utadhani Chaucer hajali, kumbe anajali sana.

Uchague vipi

Jambo linalozitenganisha ni kiasi gani mnafiki anajijua. Muuza Rehema anajijua hadi ukucha na anakueleza. Tarishi anajijua kiasi cha kuficha jina la kazi yake. Mtawa John nadhani amekwisha kuyaamini maneno yake mwenyewe. Hasira yake baada ya ushuzi ni ya mtu aliyedhulumiwa kweli. Mtawa wa hadithi ya Nahodha wala haulizwi.

Kwa hiyo kama unapenda kuchimba nafsi ya mtu, Muuza Rehema, bila kusita, na hakikisha toleo lako halijakata utangulizi wala ugomvi wa mwisho. Bila hivyo viwili unabaki na ngano nzuri na kumkosa Chaucer. Kama unasomesha vijana na wazazi wao ni wa kanisani sana, ya mtawa John iache kwanza, si kwa sababu ya ushuzi, bali kwa sababu ya utani juu ya Roho Mtakatifu. Kama kikundi chenu kinatafuta cha kuigiza, ya tarishi inataka wahusika wanne tu na mkokoteni, na nusu saa inatosha. Ya Muuza Rehema inataka wengi na maiti watatu jukwaani. Kama kinachokushughulisha ni nafasi za watu, nani anaruhusiwa kumgongea nani mlango na kwa karatasi ya nani, soma ya tarishi na ya mtawa kwa pamoja, maana ziliandikwa zijibizane, na utaona wasimulizi wote wawili wanasema kweli kuhusu kazi ya mwenzake na hakuna anayeigusa ya kwake.

Anayehofia kwamba mwandishi huyu ana chuki na dini nzima, asome kwanza picha ya kasisi maskini wa kijijini katika Utangulizi Mkuu, anayetembea kwa miguu mvuani kuwafikia waumini wa mbali, na nduguye mkulima apakiaye samadi. Kasisi huyo ndiye anayeuliza: dhahabu ikishika kutu, chuma kitafanyaje?

Kuhusu lugha, Kiingereza cha karne ya 14 kitakusumbua hata kama ulipasi Kiingereza vizuri. Chukua toleo lenye maandishi ya awali upande mmoja na Kiingereza cha leo upande wa pili, uanze na cha leo. Nilivyosema, mimi ningeanza na tarishi. Na ukifika pale anapopotea na sufuria, usifunge kitabu, kwa sababu Tarishi wa msafara amesikiliza yote, amesimama kwenye vikuku vya farasi akitetemeka kwa hasira, na zamu ya kusema ni yake.